Huria Si Bure, na Kimya Si Ruhusa

Miaka michache iliyopita nilipakua programu ndogo ya kupanga picha kwa tarehe, ambayo msimbo chanzo wake wote, yaani maagizo yake kama mtunzi alivyoyaandika, ulikuwa umewekwa mtandaoni bila nywila wala malipo. Ilikuwa na kosa moja la kuudhi: picha zilizopigwa tarehe 29 Februari zilitupwa zote katika folda ya Machi. Nilirekebisha kosa hilo kwa mistari sita, nikafurahi, nikataka kuwagawia wengine toleo langu. Hapo ndipo nilipotafuta faili la leseni, lenye masharti ya matumizi, nisilione.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kunyamaza ni kukubali, kwani mtu asiyetaka kazi yake iguswe angeianika hadharani kwa sababu gani? Hakimiliki, hata hivyo, haiendi hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, kazi hulindwa pasipo kusajiliwa popote, na Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wa mwaka 1996 unatamka kwamba programu za kompyuta hulindwa kama kazi za fasihi. Kwa hiyo msimbo usio na leseni haujaachiwa kila mtu. Una mwenyewe, na kuunakili, kuubadilisha au kuusambaza kunahitaji idhini yake, hata kama kuusoma hakukatazwi na yeyote.

Nikamwandikia mwandishi wake. Alijibu baada ya majuma matatu kwamba hakuwahi kulifikiria jambo hilo, na siku iyo hiyo akaweka leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2. Nakiri kwamba nilitarajia leseni ya MIT, ambayo ina aya chache tu na haidai makubwa: bakiza tamko la hakimiliki na maneno ya ruhusa katika kila nakala, na usimdai mwandishi dhamana yoyote. GPL ni ndefu zaidi, nami niliisoma yote usiku mmoja, jambo ambalo nadhani wengi wanaoitumia hawajawahi kulifanya.

Leseni hiyo ilitokana na GNU, mradi wa kutunga mfumo huria wa kompyuta, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, la pili mwaka 1991 na la tatu mwaka 2007. Waingereza wana neno moja, free, kwa mambo mawili, ndiyo maana watetezi wa programu hizi wamelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba wanazungumzia uhuru wala si bei. Sisi tuna bahati ya kuwa na neno huria na neno bure, kila moja na mahali pake, lakini bado tunayachanganya. GPL inaruhusu kabisa kuuza programu. Inachokataza ni kumuuzia mtu programu huku ukimnyima uhuru ulioupata wewe, yaani kuitumia kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa pia marekebisho yako.

Jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote ni wakati ambapo wajibu huo unaanza. Nimesikia watu wenye ujuzi mkubwa wakidai kwamba ukigusa msimbo wa GPL huna budi kuutangaza kwa ulimwengu mzima. Sivyo. Ningeweza kuitumia ile mistari yangu sita kwenye kompyuta yangu hadi nizeeke bila kumwonyesha mtu. Wajibu huanza pale ninapomkabidhi mwingine nakala: hapo lazima nimpe msimbo chanzo, au ahadi ya maandishi ya kumpatia, ambayo kwa toleo la 2 hudumu miaka mitatu au zaidi, na mafaili niliyoyabadilisha yawe na maelezo kwamba nimeyabadilisha, pamoja na tarehe. Kwa kuwa anayetumia programu iliyo kwenye seva ya mwingine hakabidhiwi nakala, ilitungwa leseni ya AGPL, ambayo toleo lake la 3, pia la mwaka 2007, linataka anayetumia programu iliyorekebishwa kupitia mtandao naye apewe njia ya kuupata msimbo.

Kuna pia wanaotunga masharti yao wenyewe. Leseni iliyoambatana na msimbo wa JSON, muundo wa kubadilishana data kati ya programu, ilisema kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Nia ni njema, lakini nani atakuwa hakimu? Sharti la aina hiyo linaiondoa programu katika kundi la programu huria, kwa sababu uhuru wa kwanza ni kuitumia kwa kusudi lolote.

Sikujua kwamba kisa cha zile picha hakijaisha. Mwandishi alipokea marekebisho yangu, wengine wakaongeza yao, na baada ya miaka miwili akataka kuingiza maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa na wengine, yenye leseni huria ya Apache 2.0. Masharti ya leseni hiyo kuhusu hataza, yaani haki za uvumbuzi, hayapatani na GPL toleo la 2, ingawa yanapatana na toleo la 3. Angeandika tangu mwanzo kwamba msimbo unatolewa kwa toleo la 2 au lolote la baadaye, angehamia toleo la 3 bila kumuuliza mtu. Hakuandika hivyo, wala haikuwa imekubaliwa kwamba hakimiliki za michango yetu zihamie kwake. Kila mmoja wetu aliendelea kumiliki kipande chake.

Basi ikanifikia barua pepe ya adabu nyingi, akiomba idhini kwa mistari yangu sita. Tulikuwa wachangiaji kumi na mmoja. Kumi tulikubali, wa kumi na moja hakupatikana kwa anwani yoyote, na mwandishi, ambaye sasa alijua vizuri kimya kinamaanisha nini, alikifuta kipande chake na kukiandika upya mwenyewe.