Siku moja maishani mwangu: mama wa kibanda umiza, Kigoma

Ukimwambia mtu una kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyesha mpira kwa kiingilio, uso wake unabadilika. Anaona moshi wa sigara, mikeka ya kubeti, vijana wasio na kazi, matusi. Mama mkwe wangu hadi leo akiulizwa kazi yangu anajibu, "Anafanya biashara pale Mwanga," anaishia hapo. Basi hii hapa Jumapili moja, tarehe 21 Septemba 2025, Arsenal na Manchester City. Someni kwanza, mnihukumu baadaye.

Saa 12 asubuhi. Kufagia. Maganda ya karanga, vichungi vya sigara (nimekataza, wanavuta), mikeka iliyochanika jana na kandambili ya mguu mmoja. Karibu kila wikiendi inabaki kandambili ya mguu mmoja, na mwenyewe harudi kuiulizia.

Saa 2 hadi saa 7. Kufua, kupika, watoto, sokoni, petroli ya jenereta kwenye dumu.

Saa 9 alasiri. Turubai. Watu wa Dar hawaijui shida hii. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini huku mwisho wa reli jua linachelewa. Saa 12 na nusu jioni Dar giza linaingia, kwetu jua bado liko juu ya milima ya Congo, linavuka ziwa na kupenya kila upenyo wa ukuta wangu wa mbao. Bila turubai upande wa magharibi, kipindi cha kwanza hadi jua lizame watu wanatazama kioo cheupe, na wakitazama kioo cheupe wanadai hela yao. Mimi napanda kwenye stuli, mdogo wangu anashika kamba. Yeye ndiye mlinzi wa mlango, mkusanya hela, na mwamuzi wa ugomvi mdogo. Ugomvi mkubwa unaletwa kwangu.

Saa 10. Mechi ndogo, shilingi 500, wateja wa kuhesabu vidole, wawili wamelala.

Saa 11. Hapa ndipo kazi inapoanza. Mechi kubwa ni shilingi 1,000 na kila mtu anafika na 700 na historia ya maisha yake. Watoto wanapita chini ya turubai, tunawatoa, wanarudi upande wa pili. Nikaona mapema kwamba wavuvi wa Kibirizi hawapo, na nilijua sababu kabla ya kuuliza: mwezi umepotea kabisa. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Taa zikiwashwa ziwani samaki wanakuja. Hakuna mvuvi wa akili anayeacha giza akaja kumtazama Haaland, mfungaji wa City. Wavuvi ni wateja wazuri, wanalipa bila hadithi na wanawanunulia soda hata wasiowajua. Wakikosekana wao, hesabu yangu ya siku inashuka na kelele zinabaki palepale.

Saa 11 na robo vikosi vikatoka. Mechi haijaanza, bado zaidi ya saa nzima, na nyumba ikawaka moto.

Viungo wa Arsenal: Zubimendi, Rice, Merino. Eze benchi. Martinelli benchi. Saka naye benchi, huyo angalau alikuwa anatoka kwenye majeraha.

Lazima sasa niwatambulishe kwa Kumi na Nne. Namwita hivyo kwa sababu ya jezi yake ya Henry, yule mfungaji wa zamani wa Arsenal aliyevaa 14, namba imebanduka hadi ile nne imebaki nusu. Fundi pikipiki, mteja wangu wa siku nyingi. Hakosi mechi ya Arsenal na hajawahi kutoka hapa ameridhika, hata wakishinda. Akasimama juu ya benchi. Benchi langu, la kununua mbao kwa hela yangu.

"Mama Mpira, punguza sauti kwanza niongee! Tuko nyumbani, Emirates! City msimu huu wameshafungwa na Tottenham, wakafungwa na Brighton. Alhamisi wametoka kucheza na Napoli, miguu mizito. Halafu sisi tunaanza na wakabaji watatu! Anamwogopa nani huyu?"

"Shuka kwenye benchi."

"Nashuka, mama, lakini huyu kocha aondoke."

Akajibiwa na mzee mmoja mstaafu wa reli, anayekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa na habishani ovyo. "Kijana, umesahau mlikotoka. Mlikuwa wa nane nyie."

"Shikamoo mzee, lakini wa nane alitufikisha yeye mwenyewe! Mara mbili!"

Nyumba ikacheka. Na ni kweli. Arteta, kocha wa Arsenal, alipewa timu Desemba 2019, msimu ule ukaisha wa nane, uliofuata wa nane tena. Kisha wa tano, kisha wa pili, wa pili, wa pili. Kombe kubwa hadi siku ile lilikuwa lile la FA la 2020, fainali ya kipindi cha korona, uwanja hauna watu. Mzee akasema msimu wa 2023/24 walipata pointi 89 na City 91. Mtu wa pointi 89 unamfukuza kwa kosa gani? Kumi na Nne akasema pointi hazinywewi chai. Tangu 2004 hawajachukua ligi, kuna watu ndani ya kibanda hiki wamezaliwa, wamesoma na wameoa, Arsenal bado inajenga timu. Na kiangazi hiki wametumia zaidi ya pauni milioni 250. "Umenunua Eze wa nini? Wa kupasha joto benchi?"

Kijana wa bodaboda, Yanga damu, akaleta ya nyumbani. Yanga mwaka 2024 walifungwa 3-1 na Tabora United, ndugu zetu wa jirani hapa, na kabla mwezi Novemba haujaisha kocha Gamondi akawa hana kazi, yeye aliyewapa ubingwa. Akaja Ramovic, akaondoka katikati ya msimu, akaja Hamdi, na ubingwa ukabaki Jangwani, kwa Yanga, vilevile. "Kocha ni kama betri ya rimoti," akasema. "Ikichoka unatoa unaweka nyingine."

Basi shabiki wa Manchester United, ambao wengi siku hizi wanakuja kimyakimya, akainuka kwa mara ya kwanza jioni ile. "Fukuzeni. Sisi tangu Ferguson aondoke 2013 tumebadilisha betri hadi rimoti yenyewe imevunjika." Akaanza kuhesabu, Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, Ten Hag, Amorim, na kila jina watu wakawa wanaitikia kama kwenye dua. Huyo nilimpa soda ya bure. Sitoi soda ya bure mara kwa mara.

Muda wote huo hakuna aliyeniuliza mimi. Nimetazama mechi nyingi kuliko wote waliokuwamo, kwa sababu wao wanatazama timu zao na mimi natazama za kila mtu, lakini mama wa kibanda anaulizwa tu soda ya baridi na chenji.

Saa 12 na nusu. Mpira ukaanza. Dakika ya tisa, Reijnders kamtengea Haaland, bao. Kumi na Nne hakupiga kelele. Aligeuka nyuma, akatutazama wote mmoja mmoja, akasema, "Nimesema au sijasema?"

Jua likazama, adhana ya magharibi ikaanza, nikazima sauti kabisa kama ninavyofanya siku zote. Waliotaka kuswali wakatoka, mdogo wangu akawawekea alama ya peni mkononi ili warudi bila kulipa tena. Kuna wanaotoka na alama moja wakarudi watano, nao tunawajua.

Kuanzia hapo saa sikuiangalia sana. Joto la mabati, jasho, watu wamebanana hadi mlangoni, mtoto wangu mdogo kanifuata analia usingizi nikambeba mgongoni huku natoa chenji. Wakati wa mapumziko nikauza maji yote. Arteta akamwingiza Eze na Saka, akawatoa Merino na Madueke, na hoja ikageuka: sasa amekubali kuwa alikosea au amepanga hivi tangu asubuhi? Mzee wa reli akasema amepanga. Kumi na Nne akasema mtu akipanga kula ubwabwa haanzi na kokoto.

Kipindi cha pili City hawakutoka nyuma. Sijawahi kuona timu ya kocha wao Guardiola ikijikunyata namna ile. Akamtoa Foden akaingiza beki, akamtoa na Haaland, mabeki wakawa watano. Baadaye nilisoma kwamba City walikaa na mpira asilimia 33 hivi, kiwango cha chini kuliko mechi yoyote ya ligi aliyowahi kufundisha mtu huyo. Walipaki basi, yaani wote walijaa kulinda goli, na dereva akafunga milango. Lakini sikusikia hata mmoja akimwita Guardiola mwoga. Tayari alikuwa ametwaa ubingwa wa England mara sita pale City. Ukiwa na makombe kabatini, woga wako unaitwa mbinu.

Dakika ya 84, umeme ukakatika.

Asiyefanya kazi hii hajui giza la kibanda chenye watu wengi, mechi ikiwa imebakiza dakika sita na timu inafungwa. Kwanza mluzi. Kisha tochi za simu. Kisha mtu anakanyaga mtu. Mdogo wangu akakimbilia jenereta, mimi nikasimama mlangoni na mtoto mgongoni, maana mlango ndipo benki yangu ilipo. Jenereta likakohoa, likawaka, likazima, likawaka. Luninga ikarudi, lakini king'amuzi nacho kina taratibu zake: kinaanza upya, kinatafuta mawimbi, kinakuonyesha kimstari kinachotembea kama kina siku nzima.

Na mbele yangu, Kumi na Nne, kiganja wazi.

"Hela yangu."

"Subiri, inarudi."

"Irudi nione nini? Kocha yuleyule, moja bila ileile. Nilikuja kuangalia mpira, nimeangalia giza. Elfu yangu, mama."

Nikamwambia ameshatazama dakika 84. Akasema tukokotoe basi, aniachie mimi hela za dakika 84 na mimi nimrudishie za dakika zilizobaki, lakini kwa jinsi Arsenal walivyocheza kipindi cha kwanza, zile 45 hazihesabiki. Akaanza kukokotoa kweli, kwa simu, kwa sauti, na nyuma yake wengine wawili wakaanza kusikiliza vizuri. Hapo ndipo hatari. Mmoja akirudishiwa, wote wanataka. Asiporudishiwa akarusha teke, benchi linavunjika, na benchi moja ni zaidi ya elfu moja mara nyingi. Nikamvuta nje, mkono kwa mkono, nikamtia noti mfukoni mwake, nikamwambia kwa sauti ya wote kusikia, "Haya kaka, pole na msiba, nenda salama." Wale wawili wakadhani kafiwa. Wakarudi kukaa.

Picha ilirudi dakika ya 88. Martinelli alikuwa ameshaingia. Dakika ya 93 Eze akainua mpira juu ya mabeki wote wale watano, Martinelli akaufikia, Donnarumma, kipa wa City, ametoka, akauvusha juu ya kichwa chake. Moja moja.

Mabati yangu yalilia. Mzee wa reli alimwaga kahawa kwenye suruali yake na hakuonekana kujali. Hata shabiki wa United alikumbatiwa na watu wasiomjua. Na kutoka mbali, upande wa barabara ya sokoni, nikasikia kandambili zinakuja mbio.

"Nani kafunga?"

"Elfu moja," nikamwambia.

"Mama Mpira, usifanye hivyo. Marudio tu."

"Umefiwa wewe, nenda msibani. Au elfu moja."

Alitoa mia tano na akaapa kwa mama yake kuhusu nyingine. Nikamwachia apenye. Marudio yakaonyeshwa mara tatu na mara zote tatu alishangilia kama ndiyo kwanza linaingia. Kisha, filimbi ya mwisho hata haijakauka, akapanda tena juu ya benchi.

"Mmeona? Mmeona sasa? Eze anatoa pasi, Martinelli anafunga, wote walikuwa benchi! Angeanza nao tungekuwa na matatu! Aondoke!"

"Kaokoa pointi kwa mabadiliko yake mwenyewe," mzee akasema, anafuta suruali.

"Mtu akichoma nyumba akaja na ndoo ya maji, tumpe zawadi?"

Wakahamia nje, wakaendelea chini ya taa ya duka la jirani. Mimi nikabaki na hesabu. Nikitoa petroli, kifurushi, hela ya mdogo wangu na maji yaliyokunywewa gizani bila kulipwa, siku haikuwa mbaya, bila wavuvi haikuwa nzuri pia. Na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nitasema hapa. Timu ikipiga manne hadi mapumziko, kibanda kinabaki nusu na soda zinalala. Kocha wa moja bila anakaa na watu wangu hadi dakika ya mwisho, kisha wanabishana wiki nzima, kisha wanarudi kuhakikisha. Mimi binafsi naona Arteta angeanza na Eze. Nyumbani, mbele ya City iliyochoka, hakukuwa na sababu ya kusubiri haftaimu. Lakini kumfukuza, hapana, na msidhani nasema hivyo kwa mapenzi ya Arsenal. Nina ada za shule.

Karibu saa 4 usiku, nafunga kufuli, mtoto kalala kabisa mgongoni, Kumi na Nne akanijia peke yake, sauti imemkauka.

"Mama, Jumapili ijayo tuko kwa Newcastle. Ile ya saa 12 na nusu."

"Najua."

"Nishikie benchi la mbele."

"Si ulisema hutazami tena mpaka kocha aondoke?"

"Nataka nimwone anavyoharibu." Akanipa mia tano. Nikamkumbusha kwamba hiyo ni deni la leo, ya Newcastle bado.