“Huyo mruke, anasoma”

Tangu Jumapili sijatulia. Kile kikao cha michango ya harusi ya binti wa ukoo wetu nilichowaambia huenda kingeahirishwa hakikuahirishwa, tukakutana kwa Mama Mdogo, Tabata, ukoo mzima na viti vya kuazima. Mhazini akafungua kauntabuku, akaanza kusoma majina na ahadi. Shangazi laki tatu. Baba Mdogo wa Kibaha laki mbili, nusu ameshatoa. Alipofika kwenye jina langu nikakaa sawa. Kabla sijafungua mdomo, Kaka Mkubwa akasema, “Huyo mruke. Anasoma huyo.”

“Kaka, nina laki moja,” nikasema. “Niandikeni.”

“Mdogo wangu, tulia. Soma kwanza. Ukimaliza utatuchangia sote.”

Watu wakacheka, na kilikuwa kicheko cha upendo, hilo silikatai. Mama Mdogo akanipigapiga begani. Mhazini akachukua rula, akaiweka chini ya herufi za jina langu, akapiga mstari kwa biki nyekundu, taratibu, asikwaruze jina la chini yake. Kisha akasoma jina linalofuata.

Rula ile naiona mpaka leo. Na sauti ya kaka naisikia nikiwa kwenye daladala, nikiwa nasubiri mhadhiri aingie, nikiwa naosha vyombo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuniambia mimi. Alimwambia mhazini, nami nimekaa pale pale, magoti yetu yanakaribia kugusana. Angeniuliza tu, “Mdogo wangu, mwezi huu umekaaje?” ningemweleza mbele za watu bila haya yoyote.

Maana nimekaa vizuri. Nyinyi mnaonifuata tangu nilipoacha kazi ya ofisini mnazijua hesabu zangu kuliko kaka anavyozijua. Kule mshahara ulikuwa mnono, lakini bodi ya mikopo ilikuwa inakata asilimia 15 kila mwezi kwa deni la shahada ya kwanza, na mnakumbuka nilivyoshangilia humu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa. Sasa nipo dukani Tegeta siku tatu kwa wiki, mchana, naandika vitabu vya bosi: saruji, nondo, mabati, misumari. Jioni naenda darasani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Deni la bodi nalipa mwenyewe kidogo kidogo. Ada ya uzamili nalipa kwa awamu, na awamu ya pili imeshaingia. Kodi ya chumba ipo. Hisa za kikoba sijawahi kuzikosa. Ya mama inatumwa kila mwisho wa mwezi kabla sijajinunulia hata sabuni.

Na ile laki ya harusi ilikuwepo. Niliiandika kwenye daftari langu tangu Januari, mstari wake peke yake, nikaanza kuijenga kwa kubeba kiporo cha wali na maharage badala ya chipsi za Mwenge, na kwa kushona viatu vile vya kahawia mara nyingine tena. Binti anayeolewa nimelala naye kitanda kimoja miaka yote ile mama yake alipokuwa Mwanza. Nilimfundisha kusoma. Kumchangia yeye nilikuwa nakungoja kama mtoto anavyongoja Idi.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, nisiwafiche: msimamizi wangu amepitisha pendekezo la utafiti, mwenye nyumba ametangaza kodi itapanda kuanzia Julai, na ritani ya VAT nimeituma tarehe 19 huku mtandao ukikatikakatika na mwisho ni tarehe 20. Wakati mwingine kila moja lingekuwa na andiko lake.

Jumatano dukani likanichoma upya. Nilikuwa nanakili risiti za mashine ya EFD kwenye leja, kwa sababu zile karatasi zinafifia, risiti ya Januari ukiifungua Agosti unaweza kukuta nyeupe tupu. Akaja kijana mmoja fundi, anataka mifuko kumi ya saruji, atalipa Jumamosi. Bosi ana daftari la mafundi wanaochukua kwa ahadi, na wapo wazee mle wanaochukua mali ya milioni kwa neno tu. Bosi akamtazama yule kijana, akanigeukia mimi: “Huyo usimwandike.” Kijana akasimama kidogo, akapangusa vumbi kwenye kaunta kwa kiganja, akaondoka. Nilitaka kumkimbilia. Sikujua ningemwambia nini.

Usiku ule nikasema moyoni, basi ndivyo. Ninavyoona mimi, mtu mzima anayefanya kazi na kujilipia chumba hasamehewi mchango bila kuulizwa. Huko ni kumwondoa. Msamaha unaombwa. Wapo waliosamehewa pale kwa sababu walisema wenyewe wamebanwa, na hakuna aliyewacheka. Mimi sikuomba. Kaka amenilipia ada ya sekondari baada ya baba kufariki, sitasahau hilo hadi naingia kaburini, lakini nadhani kwake mimi bado ni yule wa kidato cha pili anayesubiri nauli mezani asubuhi.

Halafu Alhamisi mambo yakageuka, na sikutarajia.

Nilifungua daftari ili nifute ule mstari. Laki moja imekaa pale, haina kazi. Nikaitazama. Na mawazo yakaenda yenyewe Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Mnajua utafiti wangu ni wa bei ya mahindi: bei ikipanda sokoni Tandale, mkulima wa Kongwa au Kiteto anayeshusha gunia lake Kibaigwa anaisikia lini, na anaisikia yote au robo yake? Takwimu za karatasini ninazo. Nilichokosa ni kusimama pale sokoni, nione magunia yanavyopimwa, niwaulize madalali, nione kama lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, kweli imekwisha au imebadilisha jina tu. Nilikuwa nimeisukuma safari hiyo mpaka Agosti kwa kukosa nauli.

Nikaanza kukokotoa. Treni ya SGR hadi Morogoro ni shilingi 13,000, kisha basi la kuelekea Dodoma linaniacha Kibaigwa barabarani kabisa. Au basi moja kwa moja toka Dar. Gesti ya kawaida. Soda na chai kwa watakaokaa kunijibu, maana huwezi kumkalisha mtu saa nzima koo kavu. Nikiwa mwangalifu, inatosha. Inatosha! Nilicheka peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Miezi yote hii nimekuwa nausoma uzamili huu kupitia kwenye mabaki: mabaki ya muda, mabaki ya pesa, mabaki ya nguvu baada ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo na ujenzi wake wa mwendokasi. Kwa mara ya kwanza fungu zima limekaa mbele yangu na linaniambia soma.

Nilifurahi sana, jamani. Na furaha ile haikuniondolea uchungu wa Jumapili, vililala vyote viwili kitanda kimoja na mimi.

Ijumaa asubuhi, kabla sijapanda gari, nilituma elfu hamsini kwa mhazini. Nikaandika: “Shikamoo mjomba. Huu ni mchango wangu. Naomba jina langu liandikwe upya.” Akajibu baada ya muda: “Marahaba mwanangu. Nimepokea. Nimeliandika chini kabisa, pale juu palishachafuka. Kadi yako ni singo, ya mtu mmoja.” Elfu hamsini nyingine imebaki, na Kibaigwa nitakwenda kwa basi Mei, hiyo iliyopungua nitaifidia kwa tuisheni ya wale watoto wa Sinza wakifunga shule.

Orodha mpya imewekwa kwenye grupu la ukoo jioni ile ile. Kaka Mkubwa ameiona, alama zile za bluu zinaonyesha. Hajasema kitu. Jana alinipigia akaniuliza bei ya mabati ya geji 28, nikampa, tukaagana vizuri, na hakuligusa. Sijui nimwanze mimi au ningoje siku ya harusi.

Lakini usiku huu si hilo linaloninyima usingizi. Mama yupo Kilosa, nyumba ile ile ya upande wa mtoni, na mvua huko zimepiga mfululizo. Wenyeji mnakumbuka mto Mkondoa ulivyobomoa tuta na kukata hadi reli mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010. Mama aliponipigia mchana alisema maji yapo mbali, kisha akasema kuku amewahamishia ndani, na mama hahamishi kuku bure. Tangu saa mbili simu yake haipatikani. Huenda ni umeme tu. Kama upo Kilosa mjini na unasoma hapa, tafadhali niambie mto umefika wapi.