Chakula Kidogo Chini ya Mti

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Jumapili hii ya nne ya Majilio inatukuta katika siku ndefu kabisa za mwaka. Huku Mtwara, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, mchana wa Desemba unaupita ule wa Juni kwa saa moja na ushei, na sote tunajua saa hiyo ya ziada inaishia wapi: juu ya mabati. Ikifika saa saba mchana ndani hakukaliki. Kaskazi inavuma, ila nayo inavuma na joto lake. Basi watu wanatoka. Mkeka unatandikwa chini ya mwembe, jirani naye katoka kwake kwa shida hiyo hiyo, watoto wanafuata, na kabla mtu hajamwalika mtu, tayari mna wageni.

Nimeisoma tena Mwanzo sura ya 18 nikiufikiria mkeka huo. Mungu alimtokea Ibrahimu mchana wa jua kali, akiwa ameketi mlangoni pa hema yake, kwenye miti ya Mamre. Hatuambiwi kwamba alikuwa akisali. Mimi nadhani alikuwa anapunga upepo tu. Angejifungia ndani, wale watu watatu waliomjia wangepita zao.

Ibrahimu huyu ananifurahisha. Anawaahidi wageni chakula kidogo, halafu anamharakisha Sara akande vipimo vitatu vya unga, mwenyewe anakimbilia kwenye ng'ombe kuchagua ndama laini. Huyo ni mtu wa kwetu kabisa. Nani amewahi kukaribishwa "ugali kidogo" Mtwara akakuta ni kidogo kweli? Unakuta ugali wa muhogo umeshiba sahani, kisamvu cha nazi, kibua wa kukaanga, na maembe ya kushushia. Hata mabibo ya mwisho mwisho ya msimu hayakosekani. (Uraka wa mabibo siutaji, aliyeelewa ameelewa.) Na wageni wale nao walikuwa waungwana. Hawakusema "ahsante, tumetoka kula sasa hivi", kauongo ambako wengi wetu tunakatoa kila siku mlangoni kwa jirani. Walikubali pale pale, wakanawa, wakala.

Jirani yangu ni Mwislamu, na habari hii anaijua kutoka katika Qur'ani, sura ya Hud na ya Adh-Dhaariyat. Huko wageni ni malaika, na Ibrahim alipoona mikono yao haifiki kwenye ndama aliingiwa na hofu. Tuliyazungumza hayo huku tukila, kila mmoja akabaki na kitabu chake, lakini hakuna aliyebisha kwamba ndama aliletwa, wala kwamba mgeni asiyekula humtia mwenyeji wasiwasi. Jirani huyo ndiye anayetuchinjia kuku wa Krismasi. Mitaa mingi huku ndivyo ilivyo: Mkristo akitaka sikukuu yake iliwe na mtaa mzima, kuku na kisu vinapelekwa kwa jirani Mwislamu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mezani mtu aitazame pia dhamiri ya mwenzake (1 Kor. 10:23-33). Naona anatiiwa vizuri na watu wengi wa Mtwara ambao mistari hiyo hawajapata kuisoma.

Lakini wale wageni wa Mamre, walipokwisha kuandaliwa na kula, waliuliza jambo: Yuko wapi Sara, mkeo? Ibrahimu akajibu, yumo hemani. Angekuwa wapi tena? Unga wote ule aliukanda yeye. Wanaume wako kivulini, mpishi yuko ndani, na jua ndilo lile lile.

Na ujumbe waliokuja nao ulimhusu yeye. Mwaka ukizunguka, Sara atakuwa na mwana. Hawakumnong'oneza mumewe, walisema kwa namna ambayo nyuma ya mlango alisikia, akacheka moyoni mwake, na hata kicheko hicho hakikufichika kwao. Habari ya Isaka, ambayo wazee hawa waliingoja mpaka wakachoka, ilitolewa baada ya mlo, na Sara mwenyewe alikuwa jikoni.

Sasa rudini chini ya mwembe wetu. Tumekaa, tunacheka, tunasifia kisamvu. Kule nyuma ya nyumba kuna kuni, moshi, kinu na mbuzi ya kukunia nazi, na hapo wapo mama zetu na mabinti zetu tangu saa tatu asubuhi. Tunamshukuru Mungu kwa sala ndefu, na aliyepika hata amina yetu haisikii. Akija kukaa, samaki aliyebaki ni kichwa. Siwezi kuuita huo ushirika, hata tungeimba vizuri namna gani.

Jumapili hii baada ya ibada tutakula pamoja, jumuiya na majirani. Kisamvu kitatwangwa Jumamosi jioni, jua likishapoa, na watakaotwanga ni wanaume. Kukuna nazi ni wao pia. Nilipolitangaza hili baadhi ya wazee walicheka. Wacheke tu, hata Sara alicheka. Chakula hakitapakuliwa mpaka wa jikoni wote wawe wamekaa mkekani. Mwenye mbuzi ya nazi aje nayo, ya hapa kwetu meno yamekwisha.