Alichosema Shangazi kule Kitulo

Wiki hii mkataba wangu umeongezwa na mahari ya mdogo wetu imepokelewa salama, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno ya Shangazi ya Jumamosi.

Tulipanda kwenda Kitulo kwa barabara ya Hamsini na Saba kutoka Chimala, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, kona juu ya kona, mpaka masikio yakaziba. Kule juu, kama mita 2,600, baridi ni ya sweta mbili. Nyasi zimefika magotini na maua yamejaa ndani yake, ya manjano, meupe, zambarau. Si bure wanapaita Bustani ya Mungu. Nikamweleza binti yangu kwamba kuna aina 45 za okidi, maua yenye viazi ardhini, na kwamba mwaka 2005 pakafanywa hifadhi ya taifa kwa sababu watu wasio na huruma walikuwa wakichimba viazi vyake na kuviuza Zambia, vikapikwe chikanda, chakula cha huko.

Shangazi alikuwa anafunga kitenge. Hakuniangalia.

"Mmoja wao ni mimi. Sare yako ya darasa la kwanza unadhani ilitoka wapi?"

Nikakosa la kusema. Akaendelea kwa upole, kama anayefundisha kupanda viazi mviringo: kila mche una viazi viwili, kimoja kinanyauka, kingine kigumu cha kuotea mwakani. Walichukua kigumu.

"Mlijua mche hautaota tena?"

"Tulijua, mwanangu. Na wewe ulikuwa unaanza shule."

Tulijua. Nalisikia neno hilo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala. Hakulisema kwa kujitetea wala kwa kujuta. Na mimi niliwaita watu wasio na huruma mbele ya mtu aliyenilea!

Kisha ndege akatupitia chini kabisa, akigusa nyasi, weusi wake unang'aa buluu juani. Mwongozaji hajafungua mdomo, Shangazi ameshasema: mbayuwayu huyo, anataga ndani ya mashimo ya muhanga, utotoni walikuwa wakilala kifudifudi kuchungulia makinda. Mwongozaji akabaki anamuuliza yeye maswali. Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno, binti yangu naye akalala kifudifudi kwenye nyasi mbichi na gauni lake jipya, na sikumkataza.

Jana mvua ilipokatika niliona ule ufa wa jikoni umeshuka mpaka dirishani. Fundi anasema tusubiri kiangazi. Mvua za huku hazikatiki kabla ya Mei.