Unga wa mchele sakafuni

Nimerudi nyumbani na unga wa mchele kwenye kucha, kwenye mikono ya baibui, mpaka kwenye simu. Nilikuwa Campbell Lane, Little India, hapa Singapore. Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, imekaribia. Serangoon Road imeshapambwa taa juu kwa juu, na wauza maua wanatunga makoja ya asumini huku wakipiga soga, mikono inakwenda yenyewe. Harufu ile ilinikamata kabla sijavuka barabara. Kwetu Unguja ningesema nyumba ya pili kuna harusi.

Niliingia Indian Heritage Centre, makumbusho ya urithi wa Wahindi iliyofunguliwa mwaka 2015, nikakuta watu wamekaa chini wanafundishwa kolam. Ni urembo wa sakafuni ambao wanawake wa Kitamil huuchora alfajiri mbele ya mlango kwa unga wa mchele. Unapanga vitone safu kwa safu, kisha unazungusha mstari ukivipitia vyote, bila kukigusa hata kimoja, mpaka urudi ulipoanzia.

Kusikia tu, rahisi. Mwalimu, mama wa makamo ambaye kila mtu anamwita Anti, alichota unga akawa anausugua kati ya gumba na kidole cha shahada, ukateremka uzi mwembamba kama umepimwa. Wangu ulitoka mara mnene kama chaki, mara hautoki kabisa. Tulipewa vitone vitano kwa vitano. Safu ya tatu nikapotea njia, kitone kimoja kikabaki nje kama abiria aliyeachwa na boti.

Nikaomba kitambaa nifute. Anti akacheka. "Acha, mwanangu. Kesho utachora nyingine."

Nikamwambia bibi yangu angeniona namwaga unga wa mchele chini, pasingekalika. Unga huo ni wa vitumbua. Akasema haumwagwi. Sisimizi wanakula, ndege wanadonoa, na mwenye nyumba anakuwa ameshalisha viumbe kabla mwenyewe hajatia kitu kinywani. Ikifika jioni imekanyagwa, imekwisha. Sisi tulichora juu ya ubao mweusi, ndani, penye kiyoyozi. Sisimizi hata wa dawa. Singapore hii, labda nao wanahitaji kibali.

Vijitaa vya udongo tulivipaka rangi pia, maana Deepavali lenyewe ni neno la safu ya taa. Vyangu viwili havitazamiki, tuyaache. Kijana wa meza ya pili alinieleza kwamba Wahindi wengi wa kaskazini wanawasha taa kwa ajili ya mungu Rama kurudi mjini kwake Ayodhya, ila kwao Watamil wa kusini ni siku mungu Krishna alipomuua zimwi Narakasura, na alfajiri yake hujipaka mafuta ya ufuta kichwani ndipo wakaoga. Mafuta ya ufuta nayajua. Nilipakwa utoto mzima, bila sikukuu yoyote.

Kilichonikalia moyoni ni mlango. Wameuweka kwenye maonyesho, umetoka Chettinad, Tamil Nadu, nchi ya wale Wachettiar waliofuata biashara na ukopeshaji wa fedha mpaka Burma na huku Malaya. Ni wa mwisho wa karne ya 19, na una nakshi ndogondogo zaidi ya 5,000. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe hatupiti mlango hivihivi. Kule ukiona mlango wa kichwa cha duara, au uliopigwa njumu za shaba, unajua mkono wa Kihindi umepita. Nikasogea nitafute njumu, nikajikuta natazama chini, pale mbele ya kizingiti. Mlango kama huu, huko kwao, bila shaka kila asubuhi mwanamke aliinama hapo na unga wake akachora kolam, na kabla ya usiku ikafutika. Miaka mingapi ya kuinama? Mlango umesafirishwa, umewekewa taa na maelezo. Sakafu safi kabisa.

Nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Usiku huu nimejaribu tena, nje ya mlango wangu ghorofa ya tisa, vitone vitatu kwa vitatu. Najua si wakati wake. Mstari umefunga, japo umepinda. Jirani amepita na mfuko wa vyakula, akaangalia, akauruka kwa adabu. Sisimizi bado sijawaona.