Upepo Upo, Maji Hayapo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeipata ndani ya jahazi, na naiandika nikiwa bado na aibu.

Alhamisi nilikuwa natoka Lamu kwenda Faza kuwatembelea wapendwa wachache walioko kule, walimu na wauguzi. Boti ya injini ilikuwa imeniacha, nikapata nafasi kwenye jahazi la tanga lililopakia saruji. Tulikwenda raha mustarehe mpaka mdomo wa Mkanda. Hapo nahodha akateremsha tanga, akaamuru nanga itiwe. Upepo ulikuwa mzuri, unatusukuma kwa nyuma, na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nikauliza, kwa ukali kidogo, kulikoni. Mzee akanitazama, akasema, "Mwalimu, upepo upo, maji hayapo."

Kwa wasiopajua, Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakipwa chombo kizito hakipiti. Basi tukakaa. Kijana mmoja alikuwa akichovya upondo majini kila baada ya muda, anauinua, anatazama ulipoishia unyevu, anatikisa kichwa. Mimi nanung'unika kama Waisraeli jangwani. Nilifika hata kuomba Mungu amlainishe nahodha!

Ili niache kutazama saa, nikafungua Matendo 27. Mnaijua habari hiyo. Meli iko Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, na wenyewe wanaona haifai kukaa wakati wa baridi. Wanataka kusogea tu hadi Foinike, kisiwa kilekile, kama kilomita 65 hivi. Upepo ukikubali ni mwendo wa siku moja. Paulo anawaonya, kwa kuwa siku ya kufunga imekwisha kupita na msimu wa bahari umeharibika. Kisha mstari wa 13: upepo wa kusini ukavuma kidogo, nao wakadhani wamepata walichokitaka. Wakadhani! Hapo nikafunga kitabu.

Kwa sababu mwaka jana niliona kiwanja. Bei ya chini, mwenyewe ana haraka, na wiki hiyohiyo zamu yangu ya chama ikafika. Nikasimama ibadani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amefungua mlango, mkanipigia makofi. Mama watoto aliniomba jambo moja tu: "Baba, twende kwanza ofisi ya ardhi tukaangalie jina." Nikamwambia asinizimie imani. Leo nawaambia nyinyi mliopiga makofi: kiwanja kile kilikuwa kimeshauzwa kwa watu wawili kabla yangu.

Wapendwa, tuache kumsingizia Mungu. Kila kinachoteleza tunakiita mapenzi ya Bwana. Mkopo umepita upesi, ni mlango. Posa imekubaliwa upesi, ni mlango. Yona naye aliposhuka Yafa aliikuta meli iko tayari, na nauli mfukoni alikuwa nayo. Mambo yalimnyookea kabisa, naye anamkimbia Mungu! Kama wepesi ndio ishara, basi Yona alikuwa na ishara kutuzidi sote.

Na mtazameni yule akida. Alikuwa na Paulo chomboni, akamsadiki nahodha na mwenye meli. Nani amsikilize mfungwa? Lakini mfungwa huyo alikuwa ameshavunjikiwa na jahazi mara tatu, someni 2 Wakorintho 11. Ndugu yangu, ndani ya nyumba yako yumo mtu unayemwona hajui kitu, naye amekwisha kuzama mahali ambapo wewe unapaelekea kwa nyimbo. Umemnyamazisha kwa aya. Mimi nilimnyamazisha wangu kwa neno "imani", na halikuwa imani. Nilikuwa nakitaka kiwanja.

Nahodha aliswali adhuhuri palepale juu ya mifuko ya saruji, wala hakutazama saa hata mara moja. Kwenye saa nane kijana akachovya upondo, akauinua ukiwa umelowa hadi karibu na kiganja, akacheka. Tanga likapandishwa. Faza tulifika jua linakuchwa, nami nikampigia mama watoto simu nikiwa bado gatini.

Jumatatu tunatakiwa tena ofisi ya ardhi. Safari hii tunakwenda wote wawili, na atakayeuliza maswali ni yeye.