Siku moja na bodi, kibano na lehemu

Saa 2 asubuhi. Leo naunganisha bodi ya saketi ya kielektroniki kwa mkono. Natoa lehemu ya uji kwenye friji na kuiacha mezani bila kuifungua. Ukiifungua ikiwa bado baridi, unyevu wa hewani huiingia, na ikipigwa moto inarusha vitone pembeni. Inapozoea joto la chumba, mimi napanga vipande vya kielektroniki vitakavyokaa kwenye bodi. Kapasita ndogo za kauri hazina maandishi yoyote, kwa hiyo sifungui mkanda wa pili wa vipande kabla sijamaliza wa kwanza. Rezista zina adabu kidogo: ikiandikwa 103, ni 10 ikifuatwa na sifuri tatu, yaani ukinzani wa omu 10,000.

Saa 3 na nusu. Napaka lehemu kwenye pedi, yaani vidoa vya chuma vya kuunganishia juu ya bodi, kisha napachika kipande kimoja kimoja. Vingi ni vya saizi ya 0603, yaani urefu milimita 1.6 na upana 0.8. Vya 0402 ni milimita 1 kwa nusu. Hivyo vidogo situmii nikiwa na hiari. Kikiponyoka kwenye kibano, usipoteze muda kupapasa sakafuni. Chukua kingine.

Wengi hudhani kazi hii inataka mikono isiyotetemeka. Wala! Inataka taa nzuri, kioo cha kukuzia na flaksi, yaani dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike.

Saa 5. Blowa ya hewa ya moto. Hewa naiweka ya polepole, isije ikapeperusha vipande, na naizungusha juu ya bodi nzima kwanza. Lehemu yangu ni bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Isiyo na risasi ingetaka karibu 217. Hapa ndipo raha ilipo. Uji wa kijivu unalegea, flaksi inatoka, halafu ghafla unang'aa, na rezista iliyokaa upande inavutwa na lehemu yenyewe mpaka ikae sawa. Lakini ncha moja ikiyeyuka kabla ya mwenzake, mvuto huohuo unakisimamisha kipande wima. Ndiyo maana moto lazima uenee sawasawa.

Saa 7. Chakula, baada ya kunawa mikono kwa sabuni. Risasi si ya kuchezea.

Saa 8 mchana. Chipu ya miguu 48, nusu milimita kutoka mguu hadi mguu. Nalinganisha kidoti chake na alama ya mguu wa kwanza kwenye bodi, nashikiza pembe mbili zinazotazamana, natazama tena pande zote nne, kisha namwaga flaksi bila ubahili. Ncha ya pasi ya kulehemu ikiwa na tone la lehemu, naiburuta taratibu juu ya safu nzima. Lehemu inafuata chuma na kuacha nafasi zilizo katikati. Miguu miwili ya mwisho imeshikana, kama kawaida. Utepe wa shaba uliopakwa flaksi unanyonya ziada.

Saa 10. Nasugua bodi kwa mswaki na alkoholi ya isopropili, kisha napima kwa mita: je, kuna shoti kati ya njia ya umeme na grawndi (njia ya kurudishia umeme)? Hakuna. Mguu mmoja wa chipu unaonekana mkavu, yaani lehemu haijaushika vizuri, naugusa tena kwa pasi.

Saa 11 jioni. Nawasha kwa chanzo cha umeme kilichowekewa kikomo cha mkondo, ili kama kuna kosa, lisiunguze kitu. Volti 3.3 zipo mahali pake na chipu haipati joto. Programu naipakia usiku.